Mizizi yenye ndevu

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nilipaka mbegu za mahindi ile mbolea ya bakteria. Juzi nimeng'oa mche mmoja, mizizi imejaa vinyweleo kama ndevu za beberu! Ni ugonjwa? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Marahaba. Ugonjwa wapi! Hiyo ndiyo kazi yake. Mzizi hutoa utomvu wenye triptofani, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Bakteria aina ya Azospirillum huigeuza kuwa oksini, homoni ya ukuaji ileile ambayo mmea hujitengenezea. Vinyweleo vinaongezeka, maji na virutubisho vinanyweka zaidi. Brazili wanawauzia wakulima wa mahindi bakteria hao tangu 2009. Ila usizidishe kipimo. Mimi, kwa uroho, niliwahi kupaka mara mbili. Mizizi ikadumaa, mifupi kama njiti za kiberiti. Na mbegu ukishaipaka, ianike kivulini.