Mwanangu, huyo mshauri hakunyimi jibu bure

Mikindani, Mtwara

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo. Umeniuliza kama unatupa hela: kila wiki unakaa na mshauri wa kisaikolojia saa nzima, ukimwuliza uache kazi au uvumilie anakurudishia swali lilelile, kisha anakwambia ufumbe macho ufuatilie pumzi. Ukaongeza, hii si dini ya watu?

Huitupi. Jibu anakunyima makusudi. Njia hiyo ilianzishwa na Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1940, enzi ambazo mtaalamu ndiye aliyejua na mgonjwa kazi yake kuambiwa. Yeye alitaka mtaalamu akupokee bila kukuhukumu, ajitahidi kuyaona mambo ulivyoyaona wewe, na asijifanye. Basi mpime kwa hayo. Ukimweleza jambo la aibu, uso unambadilika? Anakumbuka la wiki iliyopita? Katika uuguzi wangu niliwapokea wengi waliokwisha kushauriwa na ukoo mzima, kuanzia wajomba. Hakuna aliyewasikiliza mpaka mwisho.

Hilo la pumzi, sikufichi, chimbuko lake ni Ubudha. Ila mwaka 1979 Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, aliyapeleka mazoezi hayo kwa wagonjwa wa maumivu sugu kwenye chuo cha tiba huko Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki kadhaa, bila ibada yoyote. Swala zako ziko palepale. Na wapo wanaobanwa kifua wakifuatilia pumzi. Ukiwa miongoni mwao mwambie mshauri, mtafute pamoja kitu kingine cha kukazia mawazo. Umekulia jikoni kwa bibi yako, unajua: ukibangua korosho huku mawazo yako mbali, mafuta ya ganda yanakubabua. Jicho linakaa kwenye ncha ya kidole na ufa wa ganda. Mawazo yakitoroka, unarudi kwenye kidole, bila kujigombeza. Zoezi lenyewe ndilo hilo, wala halina siri.

Ila usingizi ukikukimbia siku nyingi, nenda kwa daktari. Na ukisikia sauti wasizozisikia wengine, au ukijiwa na mawazo ya kujiua, nenda hospitali siku hiyohiyo, na unipigie hata usiku wa manane. Dawa na mazungumzo havigombani.

Kuhusu kuacha kazi, maoni ninayo, unanijua. Nitayameza kwanza. Mshauri akikurudishia swali safari hii, lijibu kwa sauti, hata kama jibu ni baya, halafu ndiyo uniulize mimi.

Mama yako