Gari dogo la umbo la sanduku: jipya au lililotumika?

Ndugu, nimeelewa kwamba unataka gari dogo la umbo la sanduku, lenye paa la juu na nafasi ya mizigo, na kwamba unasita kati ya jipya na lililotumika. Kwa Scion xB na Nissan Cube ulizozitaja huna budi kutafuta lililotumika, kwa kuwa zote mbili zimeacha kuundwa.

Mimi ningechagua xB ya kizazi cha kwanza, ambayo kwa hakika ni Toyota bB yenye injini ya lita 1.5 iliyotumika pia katika magari mengine madogo ya Toyota, hivyo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi zaidi. xB ya kizazi cha pili, ya lita 2.4, ina injini inayojulikana kwa kula oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili kabla injini haijawashwa, uone kama oili imepungua; kisha iwashe, na ukiona moshi wa buluu ukitoka kwenye ekzosi, achana nayo.

Cube nyingi zina giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kawaida. Dai kumbukumbu za kubadilisha oili yake, kisha endesha gari hadi lipate moto, ukisikiliza kama linatetemeka linapoondoka.

Kumbuka pia kwamba umbo hili hupambana na upepo, kwa hiyo safari za mwendo mkubwa hula mafuta zaidi na huwa na kelele.

Tafadhali usilipe chochote kabla fundi uliyemchagua mwenyewe, si wa muuzaji, hajaliinua gari na kukagua kutu chini yake, nawe hujalinganisha namba ya chesisi na hati za umiliki.