Mnaoanza kuandika historia ya siasa za Zanzibar

Wadogo zangu mnaoanza tasnifu kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar, naombeni msianzie usiku wa Januari 12, 1964. Wengi wanaanzia hapo alafu wanaishia kugombania nani aliuliwa, na nani aliongoza, John Okello aliyejitangaza kiongozi wa mapinduzi au Karume wa chama cha Afro-Shirazi, na ukurasa wa kumi hawajafika popote.

Anzeni na uchaguzi wa Julai 1963, kaeni na zile hesabu mpaka ziwaingie. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) walipata asilimia kama 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, Hizbu (chama cha ZNP) wakapata 12 na chama cha ZPPP 6, hao wawili wakashikana wakaunda serikali. Kura za ASP zilijazana kwenye majimbo waliyoshinda kwa mbali sana, huku kwengine, hasa Pemba, wanakosa kiti kwa kura chache. Ukishaelewa hapo ndo utaelewa kwanini uhuru wa Desemba 10 wengine waliupokea kwa shangwe na wengine kwa hasira, na haukufika hata wiki tano serikali ikapinduliwa.

Magazeti someni kwa pamoja, Mwongozi la upande wa Hizbu na Afrika Kwetu la upande wa ASP, tukio moja tarehe zile zile, maana ukisoma moja tu utaanza kuongea kama wao bila kujijua, hii naiona sana kwenye kazi za wanafunzi. Idadi ya waliokufa pia inatofautiana vibaya mno, kwahiyo kila namba iandike na aliyeitoa.

Kwa wazee sasa. Usiingie na swali la mauaji. Uliza zama za siasa, yaani ile miaka ya ushindani wa vyama kabla ya Mapinduzi, maisha yalikuaje, nani aligomewa duka, nani hakuzikwa na majirani, nani alifukuzwa shambani kwa ajili ya chama, hapo mtu anaongea mwenyewe na ndo historia yenyewe hiyo jamani. Majina ficha kabisa, Unguja ndogo, ukitaja mtaa na kazi ya mtu tu kashajulikana na watoto wake bado wanaishi pale. Kibali cha utafiti kiwe mkononi kabla hujahoji mtu yeyote. Na kabla kazi haijaenda kwa msimamizi, rudi umsomee mzee alichosema, akikwambia hili litoe, litoe, hata kama ndo aya uliyoipenda kuliko zote.