Usilipe mlango huo kabla hujamjua mwenye nyumba

Usilipe! Umeniandikia kuwa duka lako la vifaa vya ujenzi hapo Darajani, Zanzibar, limeshashika vizuri, sasa unakusanya milango ya kuchonga na makasha ya njumu, yaani yenye mapambo ya shaba, ili uje uvitoe zawadi kwa makumbusho, na dalali keshakuletea mlango "wa Malindi", mtaa wa Mji Mkongwe, ambao karatasi zake "zinakuja". Yakhe, haziji. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo.

Wangu ulikuwa mlango hasa: mbawa mbili, mfaa, ule ubao wa katikati zinapokutana mbawa, njumu za shaba, na kwenye kizingiti cha juu aya na mwaka wa Hijria. Dalali aliapa kuwa nyumba imeanguka na wenyewe wako Omani, wamempa ruhusa auze. Nikalipa, fundi akausafisha, nikaandika barua ya kuutoa zawadi kwa makumbusho. Aliyeipokea akaniuliza swali moja tu: umetoka nyumba gani? Nilichokuwa nacho ni jina la dalali. Tukaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa ule. Kumbe nyumba imesimama, watu wamo ndani, na ni ya wakfu, yaani imetengwa kwa ajili ya dini au hisani. Aliyeung'oa mlango na kuuza ni mpangaji.

Mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Basi mlango ule haukuwa wangu hata kwa dakika moja, na nisingeweza kumpa mtu yeyote, seuze makumbusho. Ulirudishwa ukutani kwake na nilifurahi kuuona umerudi. Pesa hazikurudi, na simu ya dalali ikawa haipatikani. Alijua! Mtu anayezunguka vichochoro vya Mji Mkongwe kutwa kucha hawezi kuniambia hakujua nyumba ile ni ya wakfu. Watu hawa wanatuwinda sisi wafanyabiashara kwa sababu tuna fedha mkononi, tunapenda kuacha jina jema, na wanajua tutaona haya kwenda kushtaki.

Na hata kama nyumba ni ya mtu binafsi, mlango ni sehemu ya jengo. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na huwezi kung'oa mlango bila ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nyumba ikiwa ya mirathi ndiyo kabisa: mmoja anauza, ndugu zake wanasikia mtaani.

Kwa hiyo hati kwanza, pesa baadaye. Ziwemo nyumba na shehia yake, jina la mwenyewe, saini za warithi wote, sheha awe shahidi, kibali, na picha ya mlango ungali ukutani. Kasha nalo vivyo hivyo. Kasha linalojulikana bibi gani aliingia nalo nyumba ya mumewe Chake Chake, na mwaka gani, lina cha kumfundisha mgeni wa makumbusho. Lisilojulikana lilikotoka ni mbao na shaba tu.

Uliuliza pia uvipeleke makumbusho gani, Beit el-Ajaib au Beit el-Amani. Beit el-Ajaib sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, kwa hiyo nenda kaulize wenyewe wa makumbusho wanapokea wapi. Maswali yako mengine, ya mchwa na ya jina lako kuandikwa ukutani mwa makumbusho, yangoje. Dalali akikupigia leo, mtake jina la mwenye nyumba na shehia, kisha nenda mwenyewe, si yeye, ukapige hodi.