Wa ghorofa ya chini naye alipie lifti?

Umeuliza kama ni haki mwenye nyumba ya ghorofa ya chini kuchangia lifti asiyoipanda. Kwa kawaida ndiyo, atachangia. Lifti ni mali ya wote kama lilivyo paa, na paa nalo halilipiwi na wa juu peke yao.

Kiasi chako kinatokana na hisa za nyumba yako, yaani namba inayoonyesha sehemu yake katika jengo zima, kwenye mpango wa jengo uliosajiliwa. Jengo likiwa na hisa 1,000 na wewe una 40, unabeba asilimia 4 ya bima, ulinzi, usafi na mfuko wa matengenezo makubwa. New South Wales, Australia, iliyotunga sheria ya kila mtu kumiliki nyumba yake ndani ya jengo la pamoja mwaka 1961, mpaka leo hufuata hisa, ila mmiliki ambaye matumizi ya nyumba yake yamepandisha bima anaweza kutozwa zaidi.

Kugawana sawa kwa sawa kunapendeza masikioni kikaoni, lakini kunamwonea mwenye chumba kimoja. Maji ndiyo ningeyatoa kwenye hesabu ya hisa kabisa: kila nyumba iwe na mita yake, kwani ugomvi wake hauishi.

Soma kanuni za jengo lenu kwanza, maana baadhi huwatoza lifti wanaohudumiwa nayo tu. Hisa zikiwa zilipangwa vibaya, peleka hoja mkutano mkuu zirekebishwe. Tafadhali usigomee malipo wakati huo, pengo lako wanaliziba majirani.