Koti jipya la theluji kulowa juu si ubovu

Hapana ndugu, hujauziwa koti bovu. Unasema la zamani maji yalikuwa yakiteleza kama juu ya jani la myugwa, na hili lisilo na PFAS (kemikali za florini za kufukuza maji) limeanza kulowa mabegani na kwenye kola. Je, ndani umelowa? Kama hujalowa, utando wa ndani na mishono iliyozibwa bado inafanya kazi. Dawa ya kuzuia maji iliyopakwa juu ya kitambaa kazi yake ni kuyafanya maji yawe matone yaanguke, ili kitambaa kisilowe na jasho lipate pa kutokea.

Tofauti ni kwamba dawa za zamani zenye florini zilifukuza maji na mafuta pia. Hizi mpya zinafukuza maji tu. Mafuta ya ngozi na krimu ya jua vikishika kwenye nyuzi, maji nayo yanapata pa kukaa. Ndiyo maana kola huanza.

Basi lifue, mara nyingi kuliko ulivyozoea (najua, wengi tunaogopa kufua koti la bei mbaya). Sabuni ya maji, bila kilainishi, suuza sana, kisha likaushe kwa joto la wastani kama lebo inaruhusu, maana joto huamsha dawa. Likikataa, pulizia dawa mpya isiyo na PFAS.

Kutafuta la zamani sikushauri. Kemikali zile haziozi, zinaishia kwenye maji na damu zetu, na hata FIS, shirikisho la kimataifa la kuteleza kwenye theluji, imepiga marufuku nta za florini za kupaka skii mashindanoni tangu msimu wa 2023/24.