Testama peke yake haitoshi

Swali: Metre (wakili), jambo. Nina miaka 61, ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mke wangu nilimtolea mahari yote, kisha tukabarikiwa kanisani. Tuna watoto wanne, na nina binti mmoja niliyemzaa nje. Nyumba tuliijenga pamoja, na ninayo fishi ya parseli (karatasi ya kiwanja) kutoka komini (ofisi ya manispaa). Nataka kuandika testama, yaani wosia, ili ndugu zangu wasije wakamfukuza mke wangu. Itatosha?

Jibu: Jambo baba. Haitatosha, na afadhali umeuliza ungali mzima. Testama inategemea karatasi nyingine, na kwako zile za chini ndizo zinazokosekana.

Anza na ndoa. Baraka ya kanisa haiwafanyi mume na mke mbele ya serikali. Ndoa yenu ya mahari sheria inaitambua kati yenu wawili, lakini mbele ya watu wengine, ndugu zako wakiwemo, haina nguvu mpaka iandikwe eta-sivili, ofisi inayoandikisha ndoa na vizazi. Nendeni komini, wewe na mama, pamoja na mashahidi wa pande zote mbili. Mtaulizwa pia kuhusu utaratibu wa mali. Msipochagua, sheria inahesabu kwamba mali mliyochuma katika ndoa ni yenu wote wawili.

Ona maana yake kwa hesabu. Tuseme nyumba ina thamani ya dola 24.000. Nusu, 12.000, ni ya mama tangu mwanzo, wala si urithi. Kinachorithiwa ni 12.000 zako. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu: 9.000, wagawane sawa, wa kike na wa kiume. Robo inayobaki inakatwa mafungu matatu, la mjane, la wazazi wako, na la kaka na dada zako, 1.000 kila fungu ikiwa wote wapo. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba mliyoishi. Bila akti (cheti) ya ndoa, atalazimika kupigania kila kitu hapo, na nimeona wajane wakiingia ofisini kwangu na picha za harusi mkononi. Picha haitoshi, baba.

Binti wa nje, usimwache. Anahesabiwa sawa na wenzake wanne, mradi umemtambua rasmi wakati ungali hai. Hilo nalo linafanyika eta-sivili. Ukifariki kabla, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kujieleza mbele ya ndugu zake. Na hao wanne, hakikisha kila mmoja ana akti ya kuzaliwa. Anayekosa, hukumu ya tribinali (mahakama) inaweza kuziba pengo hilo.

Parseli sasa. Fishi si hati ya umiliki, hata ikiwa na mihuri mitatu. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, ardhi ni ya serikali, na haki yako juu yake inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji inayotolewa na konsevata wa hati za ardhi. Fuatilia hiyo sasa, kwa jina lako mwenyewe, maana watoto wakishafiwa watahitaji amri ya tribinali ili sertifika ihamishiwe kwao, na hakuna cha kuhamisha ikiwa haikuwahi kutolewa.

Ndipo tufike kwenye testama. Unaweza kuiandika yote kwa mkono wako, ukaweka tarehe na sahihi, au uifanye mbele ya notari (mthibitishaji rasmi wa hati) au ofisa wa eta-sivili. Kwa familia yenye mashaka kama yako, mimi ningekwenda kwa notari: ya mkono huchanika, hupotea, au mtu hudai si mwandiko wako. Kumbuka tu kwamba haiwezi kugusa robo tatu ya watoto ili kumpa mtu mwingine. Lakini unaweza kumtaja humo mtu wa kusimamia ugawaji. Usipomtaja, kazi hiyo humwangukia mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, na huenda si yeye ungemchagua.